Ngomeni, Shela au barazani: ukitaka kuonyesha kazi zako za sanaa Amu, yaani mji wa Lamu, uende wapi?

Kila mwaka ikikaribia Novemba naanza kupata meseji zile zile. Kijana ana picha kumi na mbili zimeegemezwa ukutani chumbani kwao, mamake amechoka kuzipangusa vumbi, anataka kufanya maonyesho yake ya kwanza na hajui aanzie wapi. Au kikundi cha kina mama wasusi wa kijiji cha Kipungani wanataka siku moja tu watu waje waone mikeka na kofia zao bila mtu wa kati. Swali lao wote huwa moja: tuende ngomeni, tutafute mahali Shela, au tufanye tu hapa hapa mtaani kwetu?

Mimi nimepita kote kutatu, mara nyengine nikiwa na picha zangu, mara nyingi zaidi nikiwa yule mtu wa kushika ngazi na kuhesabu viti, na jibu langu huwaudhi watu manake siwaambii pa kwenda. Nawauliza kwanza, unataka nani asimame mbele ya hiyo picha? Kisiwa ni kidogo lakini mtu wa mtaa wa Langoni, hapa mjini, anaweza kumaliza mwaka hajakanyaga kijiji cha Shela kama hana shughuli huko, na mgeni wa Shela anaweza kukaa wiki mbili akaingia mitaa ya Amu mara moja tu kupiga picha milango, na hapo tunazungumzia mwendo wa kama kilomita tatu.

Sasa tuelewane. Nikisema ngomeni namaanisha Ngome ya Lamu pale Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji, ambayo iko chini ya Makumbusho ya Kenya, ina uwanja wa ndani na vyumba vya kuonyeshea vitu. Nikisema Shela ni zile galari ndogo, kuta za hoteli, na nyumba za kupangisha ambazo mwenyewe hupenda kutundika kazi za watu. Barazani ni mtaani kabisa, kwenye daka la nyumba, ukutani nje, uchochoroni, mahali ambapo hamna mlango wala tiketi.

Vitu ninavyoangalia ni sita: nani atakuja, pesa na makaratasi, kuta na hali ya hewa, mauzo, mtaa wenyewe unajionaje ndani ya ile shughuli, na wakati wa mwaka. Kuna watu huangalia mauzo peke yake, ni sawa, lakini ukisoma mpaka chini utaona mauzo ndiyo yanayodanganya kuliko yote.

Nani atakuja

Ngome iko katikati ya mji na hilo si jambo dogo. Nje kuna wazee wa bao, kuna kahawa, kuna soko upande, kuna watu wanaopita kwenda na kurudi Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na ndani kuna maktaba kwa hivyo wanafunzi huingia kila siku bila kualikwa. Yaani nusu ya watu watakaoona kazi yako walikuja kwa jambo jengine kabisa. Mtalii naye hufika karibu kila mmoja, manake ngome iko kwenye kila mzunguko wa waongoza wageni.

Kinachosumbua ni lango lenyewe. Lile jengo lilianza kujengwa mwaka 1813 hivi baada ya vita vya Shela, likamalizika 1821, halafu kuanzia 1910 mpaka 1984 likawa jela. Miaka sabini na nne ya jela haifutiki kwa kupaka chokaa. Nilimwalika mzee mmoja jirani yetu kwenye ufunguzi, akafika mpaka pale mlangoni, akasimama, akanambia, "Mwanangu, nilipokuwa kijana nikiomba Mungu nisiingie humu, leo unataka nilipe niingie?" Tukacheka lakini hakuingia, ikabidi nimtolee picha mbili nje akazitazama akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Ni kizazi chake tu hicho, vijana hawana habari na jela, ila kama watu unaowataka ni wazee lijue hilo mapema.

Shela wanaokuja wamekuja kwa nia. Ni wageni wa hoteli, wenye nyumba, watu wa Nairobi wa wikendi ndefu, na wengine wao ni wanunuzi kweli wa sanaa ambao makwao wana kuta zinazosubiri. Lile tamasha la wachoraji alilolianzisha Mjerumani Herbert Menzer mwaka 2011, linaloleta wachoraji kutoka nje wakae kisiwani wachore mitaa na bahari na mwisho waonyeshe walichochora, limezoesha watu wa Shela kuona mtu amesimama na ubao wa rangi katikati ya njia. Hakuna anayekushangaa. Lakini jirani zako wa mtaa wa Mkomani hawatakuja, tusidanganyane. Watasema inshallah, na inshallah ya boti ya jioni unaijua.

Barazani atakuja kila mtu, na wa kwanza ni watoto. Kabla hujamaliza kufunga kamba watakuwa kumi na tano wanauliza hii ni nini na kwa nini bahari umeipaka kijani. Watakuja mafundi, wabebaji wa mizigo, mama anayetoka sokoni na kikapu, ustadhi akitoka sala ya alasiri. Ukitaka kujua kama kazi yako inasema kitu kwa watu uliowachora, ni hapa, manake barazani hakuna adabu ya galari ya kuinamisha kichwa na kusema inavutia. Nilichora jahazi moja miaka iliyopita, fundi wa majahazi wa Matondoni akasimama dakika moja akanambia hilo tanga ukilifunga hivyo unazama. Alikuwa na haki, nikaenda nikalichora upya.

Pesa na makaratasi

Ngomeni unaandika barua. Ni jengo la serikali na la urathi, kwa hivyo kuna ofisi, kuna mhifadhi, kuna kusubiri, na siku hizi malipo ya serikali mengi yanapitia eCitizen kwa hivyo kama simu yako haina bando unaenda saiba. Andika miezi miwili mitatu kabla, eleza ni kazi ngapi, siku ngapi, nani anashika funguo jioni. La muhimu ambalo watu husahau, ulizia tiketi ya mlango kwa wageni wako. Raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje lakini hata hicho kidogo, mama wa nyumbani hatakitoa kuja kuona picha ya mtoto wa jirani anayemuona kila siku. Omba siku ya ufunguzi watu wa mji waingie bure, na omba kwa maandishi, sio kwa mdomo pale mlangoni siku yenyewe watu wakiwa wamepanga foleni juani.

Shela mara nyingi hutoi kitu mwanzo, na hapo ndipo panaponoga na ndipo panapouma. Galari inakula komisheni, na duniani kote komisheni ya asilimia 30 mpaka 50 ni kawaida, sio wizi, wao wanalipa kodi na stima na mtu wa kukaa pale. Hoteli nyingine hazikati kitu kabisa, zinataka tu ukuta wao upendeze. Usichokubali ni kuacha kazi bila karatasi. Mimi niliacha picha mbili mahali fulani kwa kuaminiana, zikakaa miezi minane, na nilijua moja imeuzwa siku niliyoiona Instagram iko nyuma ya kochi la mtu kwenye nchi ya baridi. Pesa nililipwa mwishowe lakini nilizifuata mpaka nikaona haya mimi. Tangu hapo kila picha naandika jina, vipimo, bei, komisheni, siku ya kulipwa baada ya kuuzwa, na nani analipa ikichanika, tunatia sahihi wawili na napiga picha ile karatasi.

Barazani gharama ni kamba, vibanio vya nguo, kahawa na kashata. Makaratasi hakuna ila ruhusa ipo, na ni ya heshima zaidi kuliko barua: unaenda kwa mwenye nyumba, unabisha hodi, unakaa, unaulizana hali, ndio unasema shida yako. Nyumba zenyewe nyingi ni za wenyewe walio Mombasa au Uarabuni na aliyepo ni shangazi, kwa hivyo shangazi ndiye ofisi yako. Ukitaka kuweka spika au kufunga njia ongea na wazee wa mtaa na chifu. Na mji wa kale uko kwenye orodha ya urathi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo usije ukabandika gundi au ukapaka ukuta wa mtu rangi ukasema ni sanaa, utasakwa na pande zote mbili, shangazi na makumbusho.

Kuta, chumvi na punda

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi huumia na hakuna anayewaambia.

Kuta zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinapendeza kufa, lakini msumari hauzikai, unagonga mara mbili neru, ile lipu ya chokaa, inadondoka kama unga na msumari unaning'inia. Ngomeni hata kugonga huruhusiwi, ni jengo la urathi. Kwa hivyo ukienda ngomeni hesabu mbao za kuegemezea, stendi za miguu mitatu, au kamba kutoka juu. Niliwahi kuona mtu kutoka bara ameleta picha ishirini na misumari ishirini, akakaa chini kwenye ngazi kama amefiwa. Tulikopa mbao za fundi seremala saa mbili usiku.

Jambo la pili ni upana. Dari za nyumba zetu zinabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndio maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, mita mbili na nusu, mita tatu hivi. Sasa wewe umechora kitu cha mita mbili, mtu akitaka kukiona chote arudi nyuma mpaka wapi? Mgongo wake unagusa ukuta wa pili. Nyumba nyingi za Shela zilizokarabatiwa zimefuata mtindo huo huo, nzuri sana kwa kazi ndogo ndogo, na zile zidaka za ukutani ukiweka sanamu au chombo cha udongo utadhani zilijengwa kwa ajili yake. Kazi kubwa zinataka uwanja wa ngome au ukuta wa nje.

Halafu chumvi. Pini za stepla za kawaida nyuma ya kanvasi zinashika kutu ndani ya miezi michache, kutu inashuka inaacha mistari ya kahawia, na kama picha imekaa hotelini ufukweni msimu mzima utairudisha ikiwa na ramani. Tafuta pini zisizoshika kutu hata kama ni ghali. Karatasi chini ya kioo inaota kuvu, iache na nafasi kidogo isigusane na kioo, na nyuma ya fremu bandika vipande viwili vya mbao au kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta, manake ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutema. Shela hili ndilo tatizo nambari moja kwa sababu kazi zinakaa muda mrefu karibu na bahari. Ngomeni kwa wiki mbili halikuhusu sana.

Na usafiri. Kwenda Shela ni boti, na kanvasi kubwa ukiishika vibaya kwenye upepo wa kusi hiyo ni tanga, itakubeba wewe. Funga nailoni kwanza kisha turubai, laza chini, kaa juu ya upepo sio chini yake. Kutembea kwa ufukwe inawezekana maji yakiwa yametoka, lakini siku za bamvua maji yakijaa njia inamezwa na utajikuta umebeba fremu kichwani maji yako magotini. Nani hajafanya.

Barazani adui yako ni punda. Uchochoro una upana wa watu wawili, punda anapita na magunia ya saruji pande zote mbili, na punda hana habari na sanaa. Tundika juu ya kifua cha mtu mzima, acha upande mmoja wa njia mtupu kabisa, na weka kijana mmoja kwenye kona apige kelele. Jua la saa tisa nalo linakausha rangi ya maji mpaka inapauka, kwa hivyo barazani ni baada ya alasiri mpaka magharibi, ukizidisha tafuta taa. Mvua ikinyesha una dakika mbili. Usilete barazani kitu ambacho kikichafuka utalia, lete chapa, nakala, kazi ndogo, vitu vya mbao, matanga yaliyochorwa. Matanga ya jahazi yaliyochoka na kupakwa rangi yanafaa kuliko kitu chochote, yameshapigwa na jua na chumvi miaka kumi, nini tena kitayashtua.

Mauzo

Tuseme picha yako umeiwekea elfu kumi. Shela ikiuzwa na komisheni ni asilimia 40 unabaki na elfu sita, toa fremu, toa boti za kwenda na kurudi, toa pini zile za ghali, umebaki na nne na kitu. Barazani ukiuza nakala ndogo za mia tatu, ishirini, una elfu sita na hujapanda boti. Ngomeni iko katikati, watalii wananunua vitu vinavyoingia kwenye begi la ndege, kubwa haziendi.

Lakini hesabu hii haimalizi habari. Aliyenunua Shela kwa elfu kumi anaweza kurudi mwakani na marafiki watatu, anaweza kukuombea kazi ya oda, na bei yako sasa inajulikana ni elfu kumi. Na ukishauza barazani kwa mia tatu na galari ikajua, watakuuliza kwa nini wao waweke elfu kumi. Suluhisho ninalotumia mimi ni kutofautisha: kazi za asili, yaani zile nilizozichora kwa mkono, haziuzwi barazani, zinaonyeshwa tu, za kuuza ni nakala na kadi. Watu wanaelewa ukiwaambia. Ngomeni ulizia kabla kama unaruhusiwa kuuza ndani ya jengo au unaonyesha tu na kuuza unamalizia nje kwa M-Pesa, usidhanie.

Kwa wachongaji na wasusi hesabu inageuka. Mlango au sanduku la njumu haliuzwi kwa kutundikwa, linauzwa kwa mtu kukuona ukifanya kazi. Fundi wa kuchonga akikaa barazani na patasi yake anauza kuliko akiweka sanduku lililokamilika kwenye galari lenye taa nzuri. Kina mama wa mikeka ni vile vile, ukisuka mbele ya mtu haombi tena upunguze bei, ameona vidole.

Mtaa wenyewe

Maonyesho bila shughuli ni chumba chenye vitu ukutani. Watu wetu wanakuja kwa sababu ya jambo: shairi, darasa la watoto, mashindano, kahawa. Mwaka 2018 ilipoteremshwa majini Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa vipande vya kandambili za kila rangi, watu hawakualikwa kwa kadi kuja kutazama sanaa. Walikuja kwa sababu jahazi linashushwa majini na jahazi likishushwa mtu anakwenda. Mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Mimi hilo nahesabu ni maonyesho makubwa kuliko yote niliyoyaona kisiwani, hayakuwa na ukuta hata mmoja.

Ngomeni ndio pazuri kwa shughuli za kupanga: darasa la shule nzima, jioni ya mashairi, mazungumzo. Uwanja unabeba watu, sauti inazunguka vizuri, na kina mama wanaona ni mahali pa heshima kukaa. Ukitaka wanawake waje kwa uhuru tenga saa zao, jioni moja wao peke yao na msichana awe ndiye anayeelezea kazi, utashangaa watakavyojaa na maswali watakayouliza. Ufunguzi wa mjini ni kahawa, sambusa, haluwa. Divai achia hoteli za Shela, hata kama mfadhili wako anaona ufunguzi bila glasi si ufunguzi.

Shela unaweza kufanya darasa pia, na wenye nyumba wengine wana moyo na watoto wa kijiji, ila ni lazima ufikirie nani anahisi mlango ule ni wake. Mtoto wa Shela anayeuza mabuyu nje ya hoteli hajui kama anaruhusiwa kuingia kuona picha iliyochorwa kwao. Mwambie. Simama mlangoni umwambie ingia. Wakati mwengine ni hilo tu lilikuwa linakosekana.

Barazani mtaa wote ni wenyeji na hapo kuna neema na mtihani. Neema ni kwamba mtu atakuletea kiti, mwengine ataleta stima kwa waya mrefu kutoka dirishani, bibi atatuma sinia la kaimati bila kuombwa. Mtihani ni picha za viumbe. Wapo wazee wanaoona si vizuri kutundika picha ya kitu chenye roho, hasa karibu na msikiti, na siku ya maonyesho si siku ya kufungua mjadala huo. Barazani mimi hupeleka milango, matanga, khati (maandishi ya Kiarabu ya mapambo), nakshi, bahari, nyumba. Sura za watu nazipeleka kwengine. Na popote utakapokuwa, ukimchora mama wa mtu akajulikana sura, uliza kwanza. Kuna kijana alimchora bibi mmoja wa Langoni vizuri mno, ikatundikwa hotelini bila bibi kujua, wajukuu wakaiona kwenye simu. Picha ilishushwa na watu wakaombana msamaha lakini yule kijana mpaka leo hapiti ile njia.

Lini

Wageni wanajaa Desemba mpaka Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, kisha kidogo Julai na Agosti. Mei na Juni mvua na kusi, hoteli nyingine za Shela zinafunga kabisa, usipange kitu huko. Ngomeni na mtaani Mei inawezekana manake watu wa mji hawafungi, ila chunga mvua.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu wa wageni. Shela watauza kama kawaida. Mjini mchana hakuna atakayekuja, lakini usiku baada ya tarawehe mji uko macho na barazani panachangamka kuliko siku yoyote.

Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida ni Novemba, mji unafurika, kuna mbio za punda na majahazi, na ngome na Mkunguni zote zinakuwa kwenye shughuli. Ukitaka ukumbi wiki hiyo umechelewa, lakini barazani pembeni ya njia wanapopita watu ni dhahabu. Maulidi ni habari nyengine. Inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, watu wanatoka pwani nzima kuja msikiti wa Riyadha, na kuna mashindano ya khati na mengineyo yanayofaa mtu wa kalamu. Ila watu wamekuja kwa Mtume, sio kwako. Khati sawa, bango lako la punguzo la bei hapana.

Kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza na hujawahi kuona mgeni asiyekujua akitazama kazi yako, anza barazani, jioni mbili, kazi nane zisizozidi, usiuze za asili. Usikilize zaidi kuliko unavyoeleza.

Kama una kazi ya kutosha, ishirini hivi zinazozungumza jambo moja, na unataka shule, wazee, wageni na wakuu wa kaunti waione pamoja, na una subira ya barua, nenda ngomeni. Pia kama unaomba ufadhili siku za mbele, mfadhili akisikia ulionyesha ngomeni haulizi ni wapi.

Kama unaishi kwa brashi na kodi inadai, Shela, Januari, ukiwa na karatasi yako iliyotiwa sahihi. Kazi ndogo mpaka za kati, pini nzuri, na upite kila wiki mbili kuziangalia. Usipopita watakusahau, sio kwa ubaya, wana mambo yao.

Kama ni kikundi cha ufundi wa mkono, ususi au uchongaji, mimi ningegawa: mtaani wikendi ya tamasha mkifanya kazi mbele ya watu, kisha vipande vichache vilivyo bora vipelekwe Shela vibaki msimu. Ngomeni njooni mkialikwa, mbao za kutundikia mtaletewa na wao.

Kama kazi zako ni kubwa, zaidi ya mita moja na nusu, Shela isahau mpaka upate mwenye ukuta wa uani, na barazani punda atakuonyesha. Ngomeni basi, na stendi uzitengeneze mwenyewe kwa boriti nyembamba, seremala yeyote wa Amu anaziunga kwa siku moja na ukimaliza unamuuzia mtu wa kujenga.

Na kama huna uhakika wa lolote kati ya haya, nenda Mkunguni leo jioni na picha moja chini ya kwapa, kaa pale kwa wauza kahawa, igeuze watu waione. Utajua kabla kikombe hakijapoa.